Kitambaa cha Mwaka wa Saba

Kwetu Unguja nguo ya mtoto hailali nje. Magharibi ikikaribia unaianua, hata kama bado mbichi, maana upepo wa usiku si wa kuuchezea. Mambo hayo nilikuja nayo mpaka Birmingham, na ndiyo yaliyoniponza.

Jioni ya tarehe 31 Januari 1975, mimba yangu ina miezi minane, nilikuta kitambaa cheupe kimetandazwa juu ya vichaka uani. Nikakianua, nikakikunja, nikakitia kabatini. Nikajiona mtu mwema.

Nyumba ilikuwa ya Bi Attracta, mjane kutoka Ayalandi. Yeye alikaa chini, mimi na mume wangu Idarous tumepanga juu. Kanisani aliacha kwenda zamani. Kila asubuhi alikoka makaa yake huku akimwimbia Brigid. Si mtakatifu wa mapadri, alisema, ni yule mungu wa kike aliyekuwapo kabla yao, mwenye moto na mashairi. Idarous aliyaita ushirikina. Mimi nilimstaajabia, kwa sababu sijaona mtu anayeshukuru sana na kuomba kidogo namna ile.

Asubuhi nilimkuta amesimama uani, analia.

"Majirani wamekichukua," alisema. Tangu mabomu ya Novemba, yaliyoua watu mjini na lawama zikawaangukia Waayalandi, walikuwa hawamsalimu, kisa Mwayalandi. "Usiku mmoja kwa mwaka Brigid hupita, akakigusa. Akikigusa miaka saba, kitambaa humsaidia mwanamke kujifungua salama. Jana ilikuwa ya saba."

Ningeweza kunyamaza. Majirani walikuwa na makosa yao tele, na hili lisingewaelemea. Lakini mtoto alinipiga teke, nikaona haya.

"Ni mimi, Bi Attracta. Kwetu nguo hailali nje. Nisamehe."

Alijifuta machozi. "Ulidhani ni cha nani?"

"Sijui."

"Chako. Nilikianza mwaka 1969."

Januari ile mimba yangu ya kwanza ilitoka. Sikumwambia mtu. Bi Attracta alifua mashuka yenye damu bila kuuliza neno, na miaka yote ambayo sikushika mimba tena, kumbe alikuwa akihesabu. Nikalia mimi sasa, mpaka akanishika mkono akanikalisha karibu na moto wake.

"Sita si saba," alisema, "lakini utakwenda nacho hospitali. Brigid hana ubahili."

Nunu alizaliwa Machi, mzima, kitambaa nimekifunga mkononi. Tulipofika nyumbani Bi Attracta alimbeba, akamtazama sana, kisha akatoa kitambaa kipya kilichotoka dukani juzi tu. Hiki cha Nunu, alisema, siku na yeye atakapozaa. Alikuwa na miaka sabini, na alianza tena kuhesabu moja.

Mimi ni Mwislamu, nasali sala zangu tano, na Brigid simwombi kitu. Lakini kila mwisho wa Januari naanua nguo zangu zote kabla ya magharibi, nakiacha kitambaa kimoja nje.