Mwamba Uliponyamaza

...ananingoja nimjibu, Nahla, binti yangu, kasimama ufukweni hapa Mambrui na fimbo yake ya pweza, "Mama, niende au nisiende?", nami nautazama mwamba kule mbele, ule mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjika, bado upo, bado unanguruma, basi salama... lakini siku ile ya tsunami pia ulikuwepo, mwezi mpevu, bamvua, kila mtu alijua maji yatatoka sana asubuhi na adhuhuri yatarudi, na yakaanza kurudi kweli, kisha yakatoka tena, mara ya pili, na sisi tunaojidai tunaijua bahari tukasema ah, bamvua kubwa hilo, tukacheka, samaki wanarukaruka mchangani... "Mama, siendi mbali", ngoja mwanangu, ngoja kidogo... na vijiwimbi vilikuwa vinakuja vile vile, chwa, chwa, vya kila siku, ndivyo vilivyotudanganya, Jedida wa ofisi ya uvuvi alikuja kutueleza miaka imeshapita, kwamba tsunami ikikaribia pwani ni maji marefu yanayoinuka chini ya mawimbi ya kawaida, yanayabeba mgongoni, mwamba unazama, hauyavunji tena, yanapita mazima mpaka mlangoni kwa mtu, nikamwuliza sasa mtu ataonaje, akasema, "Mama, sikilizeni mwamba", nami nilikuwa nimeshausikia, wallahi, ulinyamaza kama mtu aliyezibwa mdomo, mstari mweupe ukafutika, na Zuhair, ndugu yangu mdogo, yuko kule ameinama kwenye madimbwi... miaka ishirini na zaidi nasema bahari ilimchukua, huyu Nahla nimemlea nikimwambia mjomba wako alikuwa mbishi, hasikii la mkuu wala la mdogo, asiyesikia la mkuu huvunjika guu... mwongo mimi, Zuhair hakuwa mbishi, alirudi hatua mbili akaniuliza, "Dada, maji yalikuwa yanajaa, mbona yanatoka tena?", alishuku, yeye peke yake alishuku, na mimi nilikuwa nataka pweza wa chakula cha mchana, wageni wanakuja, nikaona ananipotezea wakati... "Mama, mbona hunijibu?"... mwamba ungali unanguruma, bahari leo haina neno, hofu niliyonayo ni ya huyu mtoto, atakavyonitazama nikimwambia kwamba mjomba wake alikuwa msikivu, na mkuu aliyemsikia ni mimi, nilimwambia nenda, bamvua tu hilo.