Kiti cha Kulia

Landirova ililazwa mteremkoni kila jioni, pua ikitazama bondeni, kwa sababu starta yake ilikufa zamani, na ukiiegesha mahali tambarare itakubidi utafute wanaume wanne na maneno matamu. Nyongesa aliondoa jiwe lililozuia gurudumu la nyuma, akaruka ndani, akaiacha iteremke mpaka karibu na banda la kinyozi, ndipo akaachia klachi. Ikakohoa, ikatema moshi mweusi, ikawaka. Wanawake wa maandazi wakafunika makarai yao kwa kanga.

"Wewe Nyongesa! Moshi wako tutaula mpaka lini?"

"Mpaka nipate bima, mama! Nikipata nitanunua maandazi yote, na moshi wake."

Wakacheka. Yeye hakucheka sana. Alikuwa na siku hiyo moja tu. Meli ilikuwa imefika bandari ya Port Bell na magunia ya dagaa ya Mama Emérence, yule mfanyabiashara wa Kikongo mwenye stoo huko chini kabisa Kawempe, kwenye kinamasi, ambako mvua ikinyesha pikapu za kawaida zinazama hadi ekseli na wachukuzi wa mabega wanakula faida yote. Landirova haizami. Ndiyo maana alimwahidi Nyongesa kazi ya msimu mzima, kwa sharti moja.

"Weye leta gari na bima yake," alimwambia. "Ile siku walikamata motokari bila bima, samaki zangu zilioza ku polisi. Miye nitangoja ku bandari mpaka geti ifungwe. Ikifungwa, ninaita Obura na pikapu yake, na kazi inabakia yake."

Nyongesa alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Landirova aliinunua kwa Anselme, aliyeivukisha mpaka kutoka Bukavu, kule Kongo, na watoto saba ndani na magodoro juu. Nyongesa alimfanyia Anselme kazi ya utanboi, kupakia na kushusha mizigo, akajifunza kuendesha kwenye gari hilo hilo, na Anselme alipopata njia ya kwenda Nairobi alimwachia kwa bei ya kirafiki. Hata bei ya kirafiki ilimshinda. Nyanya yake, Nakhisa, ambaye yeye alimwita Kukhu, aliyemlea tangu walipotoka Kimilili, aliuza cherehani yake ya miguu, ile aliyoikanyaga kisigino na vidole akishona sare za shule za nusu ya mtaa. Siku ilipobebwa alilifuta vumbi gurudumu lake kwa pindo la gauni, akaingia ndani kupika uji. Tangu siku hiyo alishona kwa mkono, vifungo na pindo tu.

Bima, kwa mawazo ya Nyongesa, ilikuwa kama kununua chumvi. Unatoa pesa, unapewa stika, unaibandika kiooni.

Alipita njia za vichochoro kuwakwepa polisi, akaegesha kwenye mteremko wa Old Kampala, akashuka kwa miguu hadi ofisi ya bima iliyokuwa juu ya duka la vitambaa. Karani wake, Akullo, mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole, alitaka kuliona gari kwa macho. Wakapanda mlima pamoja. Akalizunguka gari upande wa kulia, akafungua mlango uliofungwa kwa waya, akachungulia.

"Usukani mmeuza?"

"Uko upande ule, dada."

"Upande ule ni wa abiria."

"Kongo ndio wa dereva."

"Hapa ni Kongo?"

Haki ya Mungu Nyongesa hakuwahi kuliona hilo kuwa kosa. Alijifunza kukaa kushoto kama watu wanavyojifunza kula kwa mkono wa kulia.

"Sikiliza, mdogo wangu," Akullo akasema, akipangusa vumbi la mlango mikononi. "Gari ni mzee kukupita. Wewe mwenyewe leseni yako bado inanukia wino. Na usukani uko Kongo. Moja ningemeza. Mawili ningetafuna. Matatu, wakubwa wangu watanitapisha."

"Si nilipe zaidi?"

Akamtajia hicho cha zaidi. Kilikaribia bei ya gari lenyewe. Nyongesa akatazama chini, kwenye tundu la sakafu ambalo barabara ilionekana. Akullo hakuwa mtu mbaya. Alisimama pale akihema kwa ule mlima, akafikiri.

"Nyumbani una mtu mzima?"

"Nina nyanya yangu. Lakini hajui kuendesha hata baiskeli."

"Bima haiulizi kama anajua. Inauliza kama amezeeka. Tuandike gari jina lake, wewe uwe dereva wake. Kabadilisheni kadi ya gari kwanza, mrudi nayo."

Akarudi Kawempe. Nakhisa alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho kutoka kwenye kifungo alichokuwa akishona. Akauma uzi, akavaa gauni la kanisani na viatu vilivyombana.

Kwenye dirisha la kadi za magari kulikuwa na kijana mwenye tai. Akaitazama picha ya Nakhisa, akairudisha kwa kidole.

"Masikio hayaonekani. Toa kitambaa, upigwe nyingine."

"Baba, masikio yangu na gari vinahusianaje?"

"Jaja, bibi yangu, mimi sikutunga sheria. Na mfanye haraka, nakwenda kula."

Mpiga picha alikuwa na kiti chake barabarani, mbele ya ukuta aliotundika shuka la bluu. Nakhisa, ambaye mjukuu wake hakuwahi kumwona kichwa wazi mbele ya watu, akafungua kitambaa pole pole. Nywele zake zilikuwa nyeupe na chache. Vijana wauza soksi wakatazama. Nyongesa akasimama kati yao na nyanya yake, akajifanya anauliza bei ya soksi. Walipofika dirishani kijana wa tai alikuwa amekwenda kula. Wakangoja wamesimama, kwa kuwa benchi lilikuwa limejaa. Aliporudi akipiga mbweu, akagonga muhuri bila kuitazama picha.

Kwenye ofisi ya bima Akullo akamwekea Nakhisa kiti kizuri. Nakhisa akaandika jina lake herufi moja moja, jinsi alivyofundishwa misheni. Miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba juu ya viatu. Kisha Akullo akashusha sauti.

"Kuna sharti hapa, mama, nikusomee. Dereva akiwa hajafika miaka ishirini na mitano, mwenye gari awe ndani ya gari."

"Wakati gani?"

"Wakati wote. Gari likitembea."

"Mwaka huu wote?"

"Mwaka huu wote. Mwakani tutaona kama kijana amekua."

Nakhisa akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei ya sukari. Nyongesa hakujali. Stika ilikuwa mkononi, na polisi, alijua yeye, hutazama stika. Nani husoma maandishi madogo? Akaibandika kiooni, akaipiga pasi kwa kidole gumba.

"Kukhu, miguu yako imevimba. Nikushushe stendi upande gari la Kawempe, ukalale."

Nakhisa akamtazama, akaitazama stika kiooni. Walipofika stendi akashuka.

Kizuizi cha polisi kilikuwa barabara ya Port Bell, baada ya reli. Afande akaja dirisha la kulia, akakuta kiti kitupu, akaruka nyuma.

"Nani anaendesha?"

"Mimi, afande. Huku."

"Zima gari."

"Afande, nikizima haiwaki."

"Nimesema zima!"

Akazima. Afande akaisoma karatasi ya bima neno kwa neno. Karatasi kama hizo ndizo zilizomlisha, na mtu hawezi kukisoma vibaya chakula chake.

"Nakhisa ni wewe?"

"Ni nyanya yangu. Ni mgonjwa, afande."

"Hapa imeandikwa awe ndani. Au basi, ongea vizuri tumalizane."

Nyongesa akageuza mifuko yote miwili nje. Ilining'inia kama masikio ya mbuzi. Afande akasikitika kwa dhati.

"Rudi ukamlete. Toa hii takataka barabarani."

Lakini pale palikuwa tambarare. Nyuma lori la mchanga likaanza kupiga honi, la pili likajibu. Mwisho wake afande akaweka bunduki begani, akaegemea Landirova kwa mikono miwili pamoja na wauza miwa, akasukuma akitukana kwa lugha tatu.

Njia nzima Nyongesa alihesabu kazi kuwa imekwisha. Kumpata nyanya Kawempe, kurudi, geti litakuwa limefungwa. Alipita stendi kwa sababu tu ndiyo ilikuwa njia. Akamwona. Nakhisa alikuwa ameketi kwenye baraza ya duka, mkoba magotini, viatu amevivua na kuvipanga kando.

"Kukhu! Hukupanda?"

"Nilikuwa nakungoja. Yule mama wa bima alisoma vizuri."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesikia?"

Akamshika mkono, akampandisha kiti cha kulia, injini ikinguruma.

Kizuizini afande aliwaona kwa mbali, akapunga mikono yote miwili. "Usizime! Usizime!" Kisha mazoea yakamshinda, akaja dirisha la kulia kama kawaida, akainama.

"Jaja, wewe ndiye dereva?"

"Hapana, mwanangu. Mimi ndiye bima."

Wauza miwa wakapasuka kwa kicheko. Afande akatafuta kosa kwenye taa, kwenye matairi, kwenye uso wa kikongwe aliyemtazama bila hasira wala haraka. Akainua mti wa kizuizi.

Walimkuta Mama Emérence getini. Magunia ya kwenda Kabalagala, yenye barabara nzuri, alikuwa amekwisha kumpa Obura. Yaliyobaki yalikuwa ya stoo ya kinamasi, ambayo Obura mwenyewe aliyakataa.

"Umechelewa, mutoto wangu. Lakini stika ninaiona." Akamtazama Nakhisa. "Na huyu?"

"Ni mwenye gari," Nyongesa akasema. "Atakuwa anakuja. Kila siku."

Mama Emérence akaitazama ile miguu isiyo na viatu. Akatuma mtu alete chai.

"Gari likisimama naruhusiwa kushuka?" Nakhisa akauliza.

"Unaruhusiwa, Kukhu."

Akashuka, akaketi kwenye gunia mpaka walipomaliza kupakia, akapanda tena.

Mvua iliwakuta njiani. Kwenye mlima, na mzigo wote ule wa dagaa nyuma, Landirova ikaanza kuishiwa pumzi. Nyongesa akashusha gia. Ndipo akasikia kitu kikigonga bati la sakafu upande wa pili, polepole na sawasawa. Akatupa jicho. Ilikuwa miguu ya nyanya yake, kisigino na vidole, kisigino na vidole, ikikanyaga mahali pasipo na pedali yoyote. Macho alikuwa ameyafumba.

"Kukhu, umechoka?"

Miguu haikuacha.

"Endesha," akasema. "Mwenye gari yumo."