Mwanamke Juu ya Magunia

Mwanamke wa kwenye mchoro wa nne alikuwa analia, na mama yake Atusaye hakumtambua.

"Huyu ni nani?" aliuliza, akiiinua karatasi kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota nguo isiyo yake.

Atusaye alikuwa ameitandaza michoro mezani tangu walipomaliza chai, akiipanga na kuipangua. Filamu ilikuwa ya watoto. Msichana mdogo anaachwa Sumbawanga na mama yake, kisha siku moja anafunga safari kumfuata hadi ziwani. Hadithi nzima ilikuwa imeshakubaliwa. Kilichobaki ni mwanzo tu, zile dakika chache za awali ambazo mtoto huamua kama atakaa kimya na kutazama au atamgeukia mwenzake waanze kufinyana. Atusaye aliwajua watoto. Alikuwa amewafundisha miaka mingi kabla ya kushika kazi ya kuongoza filamu, na alijua kwamba mtoto hamkopeshi msimulizi subira. Ndiyo maana alirudi nyumbani kwa mama yake, mtaa wa Chanji, ili mwanzo huo aupangie pale pale ulipotokea.

Maana ulitokea kweli. Jambo hilo hakuwa amemficha mtu yeyote, isipokuwa mama yake.

"Ni mama wa yule msichana," alijibu.

"Analilia nini?"

"Anamwacha mtoto wake."

Mama yake, Mama Debora, alivuta kiti akaketi. Aliitazama michoro kwa mfuatano wake: lori limesimama kando ya barabara, mtoto ndani ya sweta linalomfika magotini, mwanamke anapanda juu ya magunia, amempa mtoto mgongo, uso wa mwanamke kwa karibu, machozi yakimtiririka, naye hageuki mtoto asije akayaona, kisha vumbi, na ndani ya vumbi doa dogo ambalo ndilo mtoto. Akarudia tena kutoka mwanzo. Alikuwa mwanamke mfupi, bega lake la kulia limelala kidogo kwa sababu ya matenga ya samaki aliyoyabeba ujanani, na hakuwa na desturi ya kusema kabla ya kumaliza kutazama.

"Ni mimi huyu," alisema hatimaye.

"Ni filamu, mama."

"Najua ni filamu. Nauliza kama ni mimi."

"Ni wewe."

"Basi umekosea. Mimi sikulia."

Atusaye alitabasamu, kwa kuwa alidhani anajua mama yake anaelekea wapi. Wazee wa kwao hawapendi kuonekana wamelia. "Hukugeuka, mama, kwa hiyo mimi sikuona. Ila Mama Epifania aliniambia. Alinishika mkono pale barabarani, akaniambia, mama yako hageuki kwa sababu analia, hataki umwone."

"Mama Epifania alikuwa mtu mwema, Mungu amlaze pema," alisema Mama Debora. "Lakini alikuwa amesimama na wewe, nyuma. Uso wangu angeuonea wapi?"

"Sasa kwa nini hukugeuka?"

Mama yake aliurudisha mchoro mahali pake, akaunyoosha ukingo uliokuwa umejikunja. "Nilisahau," alisema.

Nje, upepo wa Juni ulikuwa ukilitikisa bati la jiko kama mtu anayebisha hodi bila nia ya kuingia. Atusaye alisubiri neno jingine lifuate lile, limpunguzie makali, lakini mama yake hakuwa na haraka nalo.

Baba yake Atusaye alikuwa bwana shamba, mtu wa Rungwe aliyehamishiwa Ufipa, akaja na mke kijana na kitanda cha chuma. Alifariki mtoto wao akiwa bado hajaanza shule. Ndugu wa marehemu walikuja kuzika, na baadhi yao hawakuondoka. Walikuwa watu wa heshima. Hawakumtesa mjane wala hawakumnyima chakula. Walimwambia tu aketi. Alipotaka kwenda sokoni, walimtuma mtu mwingine. Alipocheka na jirani, walikohoa. Hayo Atusaye aliyajua kwa mbali, kama mtu anavyoijua njia aliyopitishwa akiwa amebebwa mgongoni. Alijua pia kwamba siku moja mama yake aliaga kuwa anakwenda Kasanga, kule ziwani, kununua samaki, dagaa na migebuka, akamwacha kwa Mama Epifania, jirani Mfipa aliyemlisha ugali wa ulezi na kumfundisha kusali rozari ingawa kwao walikuwa Wamoraviani. Safari ya wiki mbili ikawa ya mwaka na zaidi. Mama yake alivuka hadi Zambia, akarudi, akavuka tena. Aliporudi kabisa alirudi na mtaji, akapanga chumba, akamchukua mwanawe, na hakuna aliyemwambia tena aketi.

"Lori lilipoanza kwenda," alisema Mama Debora, "upepo ukanipiga usoni. Nikavua kitambaa cha msiba. Unajua barabara ile ikishaacha mji, hakuna kitu cha kuzuia macho, ni nyasi na mbingu. Nilikuwa nimekaa juu kuliko watu wote. Sikuwa nimefika hata miaka thelathini, Atu. Nikasema moyoni, kumbe bado nipo. Nilikuja kukumbuka kwamba sikukupungia mkono tukiwa tumeshapita Matai."

"Mmeshapita Matai," Atusaye alirudia.

"Nilifurahi. Nikuambie uongo? Nilikuja kulia baadaye sana, kule ziwani, nilipomwona mtoto wa mtu akinyweshwa uji. Lakini hicho hukukichora." Akainuka, akakusanya vikombe. "Kama filamu inataka machozi, mtie mwanamke mwingine. Mimi usinilize."

Mchana ule Atusaye alitoka kwenda kumtafuta Yonas, mpigapicha wake, akamkuta kwa fundi baiskeli akiazima spana ya kukazia mguu wa kamera. Alimsimulia kwa maneno machache. Yonas alikuwa kijana wa mjini, mwepesi wa mizaha, lakini kazini hakuwa na mzaha.

"Dada, mwache alie," alisema. "Mama anamwacha mtoto huku amefurahi? Watoto watamchukia kabla jina la filamu halijatokea. Halafu huyo msichana anamfuata wa nini?"

Ndivyo hata Atusaye angemwambia mtu mwingine. Kilichomsumbua hakikuwa filamu. Miaka yote aliishi kwa machozi ya mwanamke ambaye hakulia. Alipokuwa bwenini, wenzake wakitembelewa na yeye hatembelewi, aliyatoa machozi yale akayatazama kama mtu anavyofungua kitambaa kutazama akiba yake. Alipokuwa mtu mzima alimsamehe mama yake, na aliona fahari ya kimyakimya kwa kusamehe. Sasa msamaha ule ulikuwa kama mgeni aliyefika kwenye harusi akakuta siku si yenyewe. Amevaa vizuri, na hana pa kukaa.

Alirudi nyumbani kwa njia ndefu. Usiku walikula bila kulitaja tena.

Asubuhi ya mazoezi, mwigizaji waliyemtegemea kutoka Mbeya alipiga simu kusema basi limeharibika njiani. Mtoto atakayeigiza msichana alikuwa darasani hadi mchana. Na lori lilikuwa tayari: fuso la Wilibrodi, limepakia mahindi ya kupeleka Kasanga, mwenyewe amekubali kusimama nje ya mji kwenye barabara ya Matai na kwenda mbele na kurudi mara chache kabla ya kushika safari yake.

"Mnahitaji mtu wa kukaa juu tu, mjue jua linampigaje?" Mama Debora aliuliza. Alikuwa ameshavaa viatu.

Atusaye alimtazama. "Magunia yamepanda sana, mama."

"Nimepanda ya kutosha maishani mwangu."

Hivyo wakatoka watatu. Nje ya mji uwanda ulikuwa umekauka rangi ya mkate, nyasi zimelala upande mmoja, moshi wa tanuri la matofali ukiburutwa na upepo chini chini kama kamba. Wilibrodi, mtu mnene mwenye koti la mvua lisilohusiana na hali ya hewa, alimwamkia Mama Debora shikamoo, akamshika kiwiko, akampandisha. Yonas akafunga kamera kando ya barabara.

"Dada, simama pale pa mtoto," aliita. "Chuchumaa. Mtoto mfupi huyo."

Atusaye alichuchumaa. Wakati wa kupanga michoro hakuwahi kulitazama lori kutoka kimo kile. Magurudumu yalikuwa makubwa kuliko kitu chochote duniani. Juu kabisa, kule magunia yalikokutana na mbingu, palikuwa na mgongo wa mama yake, na mgongo haukumwambia kitu. Lori liliunguruma, likaenda hadi kwenye kona, likasimama, likarudi kinyumenyume. Yonas hakuridhika. Mara ya pili alipanda na kamera yake, akajibana nyuma ya kibanda cha dereva, akiuelekea uso wa Mama Debora. Likaenda tena, likarudi tena.

"Mara ya mwisho, kutoka chini," alisema aliporuka. "Halafu tumwache mzee Wilibrodi aende zake."

Atusaye akachuchumaa. Lori likaondoka. Lilifika kwenye kona, taa zake nyekundu zikawaka kidogo, zikazimika, na lori likaendelea.

Walingoja. Upepo uliyachukua maungurumo hadi yakawa kama ya nyuki, kisha hayakuwapo.

"Labda anatafuta mahali pa kugeuzia," alisema Yonas.

"Labda."

Yonas alimpigia Wilibrodi, simu ikaita hadi ikakata. Atusaye akampigia mama yake, ikawa vilevile. Alikuwa bado amechuchumaa. Kitu kilimpanda kifuani ambacho alikijua vizuri, cha zamani, kikavu, kisichotaka kuelezwa. Akashangaa kukuta hakijazeeka hata siku moja. Alitaka kupiga kelele ile aliyoizuia siku ile kwa sababu mkono wa Mama Epifania ulikuwa umemshika. Sasa hakuna aliyemshika. Aliinuka, magoti yakalia, akapiga hatua kadhaa kuifuata barabara, akasimama.

"Ana umri gani mama?" aliuliza Yonas, kwa sauti ya mtu anayetafuta mahali pa kuanzia wasiwasi.

"Mkubwa wa kutosha," alisema Atusaye, na yeye mwenyewe akasikia kwamba sauti yake ilikuwa imebeba hasira upande mmoja na kicheko upande wa pili.

Yonas alikuwa anarudisha nyuma alichokuwa amerekodi, kwa kuwa mikono yake haikujua kazi nyingine. Ghafla akaacha. "Dada, njoo uone hii."

Ilikuwa ile ya mara ya pili. Kwenye kioo kidogo cha kamera, Mama Debora alikuwa ameketi juu ya magunia, mikono magotini. Lori likaanza kwenda, na uso wake ukafunguka. Hakutabasamu. Mdomo uliachama kidogo, kama wa mtu aliyemwona anayemfahamu kwa mbali na anataka kuhakikisha kabla hajamwita. Mkono ukapanda ukakivuta kitambaa nyuma, nywele nyeupe zikashikwa na upepo. Na nyuma ya bega lake lililoinama, chini, barabarani, alionekana mtu amechuchumaa, anapungua, anapungua, hadi akawa kama jiwe lililosahauliwa na wajenzi wa barabara.

Atusaye aliomba airudie. Wakaitazama tena. Uso na mtoto vilikuwa ndani ya picha moja, na hakuna aliyekuwa akimwona mwenzake.

"Mtoto anayetazama hii hatajua amchukie nani," alisema Yonas polepole.

"Hatajua."

"Ni vizuri au ni vibaya?"

"Sijui, Yonas. Irudie."

Walirudi mjini kwa miguu sehemu ya njia, kisha kwa bajaji. Nyumbani Atusaye aliiweka michoro upande mmoja wa meza, akachukua karatasi tupu. Alichora gunia. Alichora mkono unaoshika kitambaa. Hakujua kama yule mwanamke atakubaliwa na wale walioikubali hadithi na sasa wanasubiri mwanzo wake, wala kama msichana wa sweta refu atakuwa na sababu ya kumfuata mama wa namna hiyo. Alijaribu kumfanya amfuate ili akamwulize. Akafuta. Akajaribu kumfanya amfuate kwa sababu naye anataka kupanda juu.

Simu iliita jua likiwa limeshavuka bati la jirani. Upepo ulikuwa mwingi upande wa pili, na sauti ya mama yake ilikuja ikikatika.

"Atu. Usinisubiri kula. Nitarudi na lori la kesho au keshokutwa. Wilibrodi amenionea haya, hakuweza kunishusha, usimgombeze."

Atusaye alikuwa ameyaandaa maneno. Aliyaacha.

"Mko wapi?" aliuliza.

"Tunashuka. Tumeshaanza kona za kushuka. Amesimamisha kidogo kupoza breki." Mtu alicheka kando yake, mlango wa lori ukafungwa. "Naliona ziwa."

Atusaye alikuwa amefika Kasanga mara nyingi, akiwa mwalimu na baada ya hapo. Alikuwa na picha zake za kutosha. Aliweka penseli mezani, akaishika simu kwa mikono miwili.

"Likoje, mama?" aliuliza.

Na mama yake, ambaye hakuwa na desturi ya kusema kabla ya kumaliza kutazama, alikaa kimya muda mrefu, kisha akaanza kumwambia.