Kopi ya Bwegera

Noella alikuwa fundi wa kompyuta katika shirika dogo mjini Uvira lililoandika majina ya watu waliotenganishwa na vita. Majina hayo, pamoja na kijiji na nyumba ambamo kila mtu alijificha, yalikaa ndani ya serveri moja, kompyuta kuu ya kuhifadhi, pale bironi, ofisini kwao. Mwaka ule bonde la Ruzizi lilikatika vipande viwili: Uvira upande wa serikali, Bwegera upande wa waasi. Waliotafutana walikuwa pande zote mbili, kwa hiyo shefu wake kazini, Papa Gédéon, akataka Bwegera nako kuwe na serveri yenye kopi ileile, ikijisahihisha yenyewe kila jina jipya linapoingia.

Rezo, yaani mtandao, kati ya pande hizo ilikuwa imefungwa karibu yote. Waliachiwa njia moja nyembamba, kwa muda wa saa moja tu kila asubuhi. Noella alipanga majina yavuke peke yake, adresi, yaani kijiji na nyumba, zibaki Uvira zisije zikaangukia mikononi mwa waasi. Lakini kuchuja kila jina kulikula muda. Wiki mbili nzima kopi ilivuka nusu, ikakatika, ikaanza upya.

"Dada Noella," Octave, aliyeshika biro ya Bwegera, alimwambia kwa simu, "hapa iko mama mumoja, Claire. Kila siku anakuja. Jina ya bwana yake naiona, lakini namwambia nini? Kwamba iko muzima, basi?"

Noella alimkumbuka huyo bwana. Nyandwi, mkulima wa mpunga, alikuja Uvira kwa miguu kujiandikisha. Alisema kwa sauti ya chini kwamba aliwahi kushika bunduki pamoja na vijana wa kijiji chake dhidi ya waasi, na kwamba sasa amejificha Mutarule, upande uleule wa Bwegera, nyuma ya kanisa.

"Bibi yangu Claire tu ajue," alisema. "Wengine hapana."

Siku ya kumi na tano Noella aliondoa kizuizi cha adresi. Kila kitu kivuke. Dakika arobaini, kopi ikatimia. Octave alipiga simu akicheka: Claire alikuwa ameshapanda baiskeli kwenda Mutarule.

Siku nne baadaye alipiga tena, bila kicheko.

"Wenye bunduki wamebeba mashini. Wameniomba neno ya siri. Dada, minye niko na watoto."

"Uliwapa?"

"Niliwaandikia."

Noella alifuta adresi zote kwenye serveri ya Uvira, akangoja ufutaji huo ufike upande wa pili. Haukufika. Mashine ya kule ilikuwa imeng'olewa kwenye rezo, na yote aliyotuma yalikuwa bado ndani yake. Akashika karatasi ya namba za simu za walioandikwa, akaanza kuwapigia watu mmoja mmoja ili wahame. Simu nyingi zilikuwa zimezimwa. Ya Claire iliita.

"Walikuja jana," Claire alisema. "Hawakuuliza muntu njia. Walikuwa na jina yake, jina ya baba yake, na nyumba. Weye njo ulimuandika?"

"Ni minye, mama."

Nyuma yake watu walikuwa wakiomboleza.

"Aliniambia unamusikiliza muntu vizuri," Claire alisema, akakata.

Noella alirudi kwenye karatasi. Zilikuwa zimebaki namba mia mbili na tatu. Akapiga iliyofuata. Haikuita.