Samaki wa Joas

Mwezi wa tisa mume wangu Joas alitia samaki wake kwenye friza ya kijiji, boti nzima. Barafu ya mwanzo ilipotanda baharini ikapasuka, ikamchukua yeye na pikipiki yake ya thelujini, na bahari haikumrudisha. Watu wakangoja nilie. Sikulia. Sikuwa na uchungu wala nini. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa.

Nilitaka kitu kimoja tu, samaki mmoja katika wale wake. Si wa kula, wa kuweka. Nikamwendea wifi yangu Rosina, dada yake Joas, ndiye mwenye funguo za friza. Kwetu huku Labrador friza ile ni ya wote: wenye boti na bunduki wanatia, wajane na wazee na nyumba zisizo na mwindaji wanagawiwa kila Ijumaa. Na hakuna anayetaja nani kavua nini. Ukishatia, kimekutoka. Ndivyo mtu anavyokula bila kumwinamishia jirani kichwa.

"Siwezi kukuchagulia, wifi," akasema Rosina. "Nikikuchagulia wewe, kesho kila mtu atamtaka wa kwake."

"Ni kaka yako yule."

"Najua ni nani."

Akafunga friza. Nikasema moyoni, haya, huyu naye ni barafu tupu.

Basi majira yote ya baridi nikapokea mfuko wangu kama mjane mwingine yeyote. Bahati yangu ikawa nyama ya sili, yule mnyama wa baharini, na Ijumaa nyingine sili tena. Nilichemsha, nikatafuna, nikaosha sufuria. Ungenipa soksi ningetafuna vilevile. Nikienda kwa watu, macho yalikimbilia sahani zao, aibu tupu. Joas alikuwa shoto, na samaki wake ungemjua kwa mkato wa tumboni, umelala upande usio wa watu wote. Niliuona kwa huyu, nikauona kwa yule. Wakala, nikaaga, nikarudi kwangu.

Mwezi wa tatu Rosina akawaambia wanawake kanisani kwamba samaki wa mwaka jana amebaki mmoja. Ijumaa nikafungua mfuko wangu. Sili. Nikapanda kitandani na viatu vyangu.

Kesho yake akanigongea mzee Gustav, jirani yangu, mkorofi, macho hayaoni vizuri ila kwenye karata anaiba bila shida. Akaniambia nije kwake, na nije na kisu. Nikamwambia sijisikii kula.

"Sijakuuliza unajisikiaje. Nimekuita."

Nikamfuata, maana kubishana naye ni kazi. Samaki alikuwa sakafuni juu ya kadibodi, mbichi na barafu yake, kama tunavyomla sisi. Rosina amekaa kando yake, kichwa chini. Nikauona ule mkato. Nikakaa.

"Nimempapasa nikamjua," akasema Gustav. "Maisha yake yote nilimwambia mumeo anapasua kinyumenyume, hasikii. Sasa huyu ni wangu, kaingia nyumbani kwangu, na mimi namwita nimtakaye. Rosina asininunie."

Nikamwomba anigawie kipande changu nikakiweke nyumbani.

"Ukitazame? Joas hakuwa anavua picha. Kula."

Nikamgeukia Rosina. Nilisema kwa ubaya, sikatai. "Anza wewe, wifi. Wewe si ndiye uliyewaonja wote."

Akatikisa kichwa. Akasema kwa sauti ndogo. "Mume wangu anawinda. Mimi sina mgawo kwenye friza. Nimewagawa wote, mmoja mmoja, kwa mikono yangu. Sijaonja hata mmoja."

Na mimi nilikuwa nimemnunia mwanamke huyu tangu barafu ya mwanzo. Nikachukua kisu, nikakata tumboni penye mafuta, nikampa. Halafu nikajikatia changu.

Baridi ikaniingia jino la nyuma mpaka sikioni. Jino likauma kweli. Tangu siku ile ya Joas hakuna kitu kilichokuwa kimeniuma.

"Jino linauma," nikasema.

Rosina alikuwa anatafuna huku analia. Gustav akapapasa kadibodi, akaisogeza upande wangu.

"Basi ongeza," akasema.

Nikaongeza.