Ukumbi wa Sidi

Sidi alikuwa amepiga magoti akipiga deki ukumbi kwa mara ya pili asubuhi hiyo, na bado Crispus, yule dalali wa nyumba, alikuwa akinyoosha kidole. Pale pana doa. Na ule msumari ukutani ni wa nini? Ulikuwa wa picha ya marehemu Thoya, mumewe, aliyebeba magunia kwenye magodauni ya Shimanzi mpaka mgongo ukamshinda. Sidi akaung'oa kwa koleo.

"Mama, watu wa siku hizi wananunua nafasi," Crispus alisema. "Mtu akiingia aone ukuta, aone mwanga. Akiona vitu vyako, ataona maisha yako. Yake hatayaona."

Maneno hayo aliyatoa kwenye video za simuni. Yeye mwenyewe alipanga chumba kimoja huko Magongo, akilala na pikipiki yake ubavuni, lakini habari za nafasi alizisema kama mtu aliyezaliwa kasrini.

Na Sidi alimtii. Kabati la vyombo lilikwenda kwa bintiye Mtwapa. Kitanda cha kamba alichojifungulia alipewa muuza makaa, aliyekichukua bila hata kuuliza bei. Hayo aliyameza. Yaliyomkaa kooni ni vitu vya mtaa. Nyumba yake ndiyo iliyokuwa na ukumbi mpana kuliko zote kichochoroni, hivyo tangu siku za mamake mkwe mikeka na masufuria makubwa ya mtaa yaliwekwa kwake. Pakiwa na harusi au msiba, wanawake waliingia bila hodi wakachukua. Crispus aliyapakia yote kwenye mkokoteni, akayapeleka godauni ya rafiki yake Shimanzi, akatia kufuli, na ufunguo akautia mfukoni.

Sidi alikubali kwa kuwa hakuwa na pa kushika. Nyumba ilikuwa yake, ardhi iliyo chini ya nyumba haikuwa yake. Ndivyo zilivyo nyumba nyingi za mtaa huo wa Majengo. Mwenye ardhi alipandisha kodi, akaipandisha tena, kisha akatuma barua ya wakili: malimbikizo yalipwe kabla ya mwisho wa mwezi au nyumba ivunjwe. Chifu alisema hayo ni mambo ya mahakama. Mahakamani aliambiwa arudi na wakili. Akiuza, angeondoka na kitu. Ikivunjwa, angeondoka na vumbi la mabati.

Alikuwa akikamua kitambaa aliposikia kilio nyumba ya pili, kwa jirani yake Khubaib. Mamake Khubaib amefariki. Bibi huyo alikuwa mgonjwa tangu Ramadhani. Thoya alipokufa, ni yeye aliyeosha sufuria za matanga kwa mikono yake mpaka watu wa mwisho walipotawanyika.

Punde Mirriam, jirani wa mbele, akaingia na wanawake watatu, bila hodi kama kawaida. Wakasimama katikati ya ukumbi mtupu.

"Sidi, mikeka i wapi?"

"Iko Shimanzi, shoga. Ufunguo anao huyu."

"Siwezi kutoka sasa," Crispus akasema. "Mnunuzi amefika Makadara, yuko njiani."

Mirriam akamtazama, kisha akamgeukia Sidi. "Haya, mikeka tutaazima msikitini. Tupe ukumbi basi. Kwa Khubaib hapana pa kukaa, maiti yuaoshwa mle ndani, na azikwa baada ya adhuhuri. Wanawake wako juani."

Crispus akainama sikioni mwa Sidi. "Akikuta kilio humu, anageuza gari."

Sidi alitaka kusema ingieni. Neno lilikuwa mdomoni kabisa.

"Nivumilieni kidogo, Mirriam," alisema. "Kuna mgeni aja."

Mirriam hakugomba. Angegomba ingekuwa afadhali. "Haya, mamangu," alisema tu, akajifunga leso vizuri, wakatoka. Sidi akarudishia mlango ambao mchana haukuwa na desturi ya kufungwa.

Mnunuzi aliitwa Caroline, mfanyakazi wa ofisi moja bandarini, mtu wa bara. Alitaka vyumba vya kupangisha watalii, vilivyo karibu na Mji wa Kale. Alizunguka vyumba vyote sita, akagonga boriti, akapiga picha. Sidi alimfuata nyuma mikono imeshikana.

"Nimeipenda," Caroline alisema mwishowe. "Kweli, nimeipenda. Ni kubwa, halafu imetulia. Hati ya ardhi iko kwa jina lako, mama?"

"Ardhi ina mwenyewe, mwanangu. Mimi nauza nyumba."

Aliyasema hivyo hivyo, bila hofu. Alidhani Caroline ajua. Majengo hata mtoto wa chekechea ajua.

"Yaani huyo mwenyewe akiamka kesho akitaka nitoke?"

"Wazungumza naye."

Caroline alimtazama Crispus. Crispus alikuwa akitazama dari.

"Pole sana, mama. Benki haitanipa mkopo kwa nyumba isiyo na ardhi." Hakuwa mkali. Alimshika Sidi bega, akaenda zake.

"Nilifikiri akishaipenda tutamweleza polepole," Crispus alisema.

"Na wafiwa wamesimama juani kwa ajili ya hiyo polepole yako!"

Crispus akatoa ufunguo mfukoni, akamwekea kiganjani, akatoka, akaipiga pikipiki yake teke ikawaka, akaenda zake.

Sidi alipofika msibani, jeneza lilikuwa limeshaondoka na wanaume. Wanawake walikuwa uani juu ya mikeka ya msikiti, wakimenya vitunguu na kuchagua mchele. Akawapa pole, akavua viatu, akainama aketi kati yao. Mirriam akawahi kuinuka, akamletea kiti cha plastiki.

"Keti hapa, Sidi. Karibu."

Viti vilikuwa vya watu wa mbali, wale wanaokuja kutoa pole huku wakitazama saa.

"Ufunguo ninao," Sidi alisema. "Twaweza kutuma mtu akalete masufuria."

"Tumeshaazima."

"Basi nipeni kisu nimenye."

"Wacha tu, vyatosha. Usijichafue."

Hawakumnunia. Walimuuliza hali, wakamletea maji kwenye gilasi iliyowekwa juu ya kisahani, kisha mazungumzo yakaendelea chini, mikekani, na yeye akayasikiliza kutoka juu. Akairudisha gilasi juu ya kisahani. Alipoinuka, Mirriam alimsindikiza hadi mlangoni, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamwambia ahsante kwa kuja.