Mwamkie Julieth

Fimbo ilikuwa tayari mezani. Mkuu wa shule alikwishaamua: Irakoze wa kidato cha pili achapwe kwa kuja na simu shuleni, na simu ifungiwe kabatini.

"Hakuja kuichezea, mkuu. Kaniletea mwenyewe niisome," alisema Mwalimu Paskazia. Humo simuni mlikuwa na rafiki wa mtandaoni aitwaye Julieth, eti msichana wa miaka kumi na minne. Alikuwa ameomba picha ambazo Irakoze aliona haya hata kuzitaja, na sasa alitaka wakutane Jumamosi stesheni ya Kigwa, Irakoze aje peke yake.

"Utoto tu huo," mkuu alisema. "Wasichana kwa wasichana."

Paskazia alimgeukia Irakoze, aliyesimama kando ya meza. "Mwamkie."

"Nimwamkie mtoto mwenzangu, mwalimu? Si atanicheka?"

"Na akucheke. Andika."

Irakoze aliandika: "Shikamoo." Wote watatu wakakiinamia kioo. Jibu halikukawia, wala halikuwa na kicheko.

"Marahaba, mtoto mzuri."

Mkuu alilitazama neno lile ambalo yeye mwenyewe huwajibu nalo wanafunzi kila asubuhi getini, akakaa kitini polepole. Kisha, kwa mazoea, akanyoosha mkono apewe simu.

"Haiingii kabatini hii," Paskazia alisema, akiitia mkobani. "Inakwenda polisi sasa hivi, na tunakwenda wote. Fimbo iache hapo, mkuu. Tunayemfuata ni mtu mzima."